Nyuma ya Gurudumu la Mwalimu

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimerudi mlimani. Ni miezi minane tangu nianguke na kuvunjika mtulinga, mfupa wa begani, na asubuhi nilipokuwa nafunga viatu mikono ilitetemeka mpaka Mama akauliza kama nina homa. Nikamwambia nimekunywa chai kali. Mama hataki kusikia habari za baiskeli, ndiyo maana naandika hapa.

Tulikuwa wanne kama zamani. Mdogo wangu alitangulia kufika kwenye tangi la maji, pale njia inapoanzia. Anachomelea mageti na madirisha, ana miaka ishirini na sita, na kila mtu anamwita Breki kwa sababu hazitumii. Tangu baba afariki mimi ndiye ninayemgombeza, na yeye ndiye asiyesikia. Halafu Fundi, mwenye kibanda cha kutengeneza baiskeli, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Mimi ananiita Eksirei, kwa kuwa kazi yangu ni kupiga watu picha za mifupa hospitalini. Na Mwalimu, wa hesabu, miaka hamsini na sita, aliyetufundisha sote njia hizi.

Njia inapanda katikati ya misonobari, inapita juu ya mgongo wa kilima, kisha inashuka pembeni mwa korongo. Kipande hicho cha mwisho tunakiita Ukingo. Hakizidi mita mia mbili. Kulia kuna ukuta wa udongo, kushoto hakuna kitu, na chini kabisa kuna kijito. Upana wake ni kama wa mlango.

Nilipofika Ukingo miguu ilikataa. Breki na Fundi walishapita. Mwalimu akashuka kwenye baiskeli yake, akatembea nami akiisukuma, akihesabu hatua kwa sauti kama anawafundisha watoto wa chekechea. Tulifika mia tatu na kumi na mbili. Hakunicheka, wala hakuwaambia wenzetu.

Jumatatu, 9 Machi

Mapaja yanauma. Kazini nimeshuka ngazi kinyumenyume.

Jumamosi, 14 Machi

Kuna jambo limetokea ambalo sijui kama limetokea.

Tulipumzika juu ya mgongo wa kilima. Mwalimu alikuwa anasimulia habari za mwanafunzi aliyeandika kwenye mtihani kwamba jibu analo ila amelisahau nyumbani. "Nikamwita mbele," akasema, "nikamwambia, basi, kijana wangu..." Akanyamaza. Macho yalikuwa wazi, yananitazama mimi bila kuniona. Mdomo ukawa unatafuna taratibu, na ndani hamna kitu. Vidole vya mkono wa kulia vikawa vinachezea kifungo cha glavu, vinakivuta na kukiachia, vinakivuta na kukiachia.

Fundi na Breki wakaangua kicheko. Walidhani ule ukimya ndio utani wenyewe.

Nilihesabu mpaka kumi na moja. Kisha Mwalimu akapepesa macho, akatazama mawingu, akauliza, "Hivi mvua itatukuta?" Hadithi ya mwanafunzi hakuimaliza.

Jumatano, 18 Machi

Mvua imeanza rasmi. Foleni ya wagonjwa imejaa waliovunjika mikono kwa kuteleza.

Jumamosi, 21 Machi

Nilikaa nyuma yake makusudi. Kwenye tambarare, baada ya misonobari, miguu yake iliacha kukanyaga. Baiskeli ikapinda yenyewe, ikaingia kwenye majani marefu na kusimama. Alibaki amekaa juu yake, ameegemea kichaka, anavutavuta kifungo.

Fahamu zilipomrudia alisema mnyororo umeruka. Niliutazama. Mnyororo ulikuwa mahali pake.

Alhamisi, 26 Machi

Nilipotoka kuita mgonjwa wa mwisho wa asubuhi nilimkuta Mwalimu kwenye benchi letu, amevaa koti la shule lenye vumbi la chaki. Hakuwa na karatasi ya daktari. Akaniomba dakika tano. Nikamwingiza kwenye chumba cha mashine, kwa sababu mlango wake ni mzito na sauti haitoki.

"Umeona," akasema.

"Nimeona mara mbili."

"Basi umeona chache." Hali hiyo imemwanza tangu mwezi wa kumi na mbili. Mara ya kwanza alikuwa ubaoni anaandika namba. Alipozinduka chaki ilikuwa imeganda kwenye tarakimu moja na darasa zima lilikuwa kimya. "Wale watoto hawanyamazi hata mkuu wa shule akiingia. Nikajua nimewatisha."

Nikamwambia aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu leo hii, nitampeleka mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Nikienda wataandika. Wakiandika, shule itajua. Nimebakiza miaka minne nistaafu. Watanitoa darasani, binti, wanitupe stoo ya vitabu kama mzigo. Wataandika kifafa, na unajua watu wanavyomkwepa mwenye nacho."

"Mke wako anajua?"

"Hajui. Na wewe hutamwambia."

Yule mtu aliyetembea nami hatua mia tatu na kumi na mbili alikuwa ananiomba kitu kimoja tu. Nikampa masharti. Akae mwisho wa msafara. Ukingo aupite kwa miguu. Na kabla mwezi ujao haujaisha amwone daktari. Akakubali yote, haraka mno, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sijisikii vizuri.

Jumamosi, 28 Machi

Mwalimu alikaa nyuma. Breki alilalamika kwamba mzee anajizeesha. Nami nilitumia safari nzima kugeuza shingo nitazame nyuma, mpaka mara mbili nikakaribia kugonga mti. Zamani niliogopa kuanguka mimi. Hofu hiyo sasa imehama, imekaa nyuma yangu, na ina glavu zenye vifungo.

Hakuna kilichotokea. Ukingo tulitembea wote wawili, na Fundi akasema tunafaa kufunga ndoa.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua. Hatukwenda. Nimelala mchana kutwa kama mtu aliyeachiwa huru.

Jumamosi, 11 Aprili

Njia ilikuwa tope tupu. Tukiwa kwenye tangi Breki akamwambia Mwalimu, "Mzee, leo kaa mbele. Wewe ndiye unayejua pa kukanyaga kukilowa."

Mwalimu alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, ningeweza hata kumeza mate kwanza. Nikainama nikajifanya nabana viatu. Nilipoinuka alikuwa ameshatangulia.

Alipanda vizuri kuliko sote, akashuka Ukingo juu ya baiskeli, laini kama maji. Chini alikuwa anang'aa. "Wiki mbili sijapata hata moja," akaninong'oneza. Daktari, akasema, atamwona likizo.

Tulipokuwa tunaosha matairi Fundi akaniuliza, "Eksirei, una nini na Mwalimu? Unamtazama kama mtu anayesubiri sufuria ichemke."

Nikamjibu sina kitu. Nimekuwa nikimwona Fundi kama mtu wa porojo tu. Leo aliendelea kunitazama muda mrefu baada ya jibu langu, na hakufanya utani wowote.

Jumatano, 15 Aprili

Nimemwandikia ujumbe mke wa Mwalimu. Nimeufuta. Nimeandika mwingine. Nimeufuta huo pia.

Jumapili, 19 Aprili

Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki, wodi ya upasuaji. Nataka niandike kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio.

Jana ilinyesha asubuhi, ikakatika saa tatu, tukaenda. Mwalimu mbele, Breki nyuma yake karibu mno kama kawaida yake, kisha mimi, Fundi mwisho. Tulipoingia Ukingo nilibaki juu ya baiskeli. Nilijiambia nikishuka nitawaacha watangulie, na nikiwaacha sitaona. Kana kwamba kuona kwangu kunamzuia mtu kuanguka.

Katikati ya Ukingo miguu ya Mwalimu iliacha kukanyaga. Niliona kabla Breki hajaona, na mdomo wangu ulifunguka bila kutoa sauti. Baiskeli yake ilisogea polepole kulia, bega lake likagusa ukuta wa udongo, akasimama hapohapo, ameziba njia. Breki alikuwa hatua tatu nyuma. Akabana breki, mara moja katika maisha yake akazibana zote, na tope halikujali. Ili asimgonge mzee alipinda kushoto. Kushoto hakuna kitu.

Hakupiga kelele. Nilisikia matawi, kisha chuma kwenye jiwe.

Mwalimu alikuwa bado ameegemea ukuta, anavuta kifungo cha glavu. Nikampita nikimsukuma. Nilikuwa natambaa ukingoni kutafuta pa kushukia nilipomsikia nyuma yangu akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Breki yuko wapi?"

Alikuwa chini, mita saba hivi, chali, kichwa kwenye changarawe na miguu ndani ya kijito. Helmeti ilikuwa imepasuka kama ganda la yai. Macho wazi.

"Usitikise kichwa," nikamwambia. "Usinijibu kwa kichwa. Nijibu kwa mdomo."

"Dada, sisikii miguu."

Nimepiga picha za shingo kwa miaka kumi na miwili. Najua zile ambazo mtu huzipiga kisha hana uso wa kumtazama mgonjwa. Nilipiga magoti nyuma ya kichwa chake, nikakishika kwa mikono miwili, viwiko nimevikaza ardhini, na nikajua kwamba sitaachia mpaka aje mtu mwenye machela.

Fundi alishuka akitazama kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Hakuuliza swali hata moja. Alivua koti akamfunika Breki, akatazama kijito, akatazama mawingu juu ya kilima. "Maji yatapanda," akasema. "Kwenye kituo cha pampu kuna watu na kamba. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Usimsogeze, hata nikichelewa." Kisha akaondoka, na yule mtu wa porojo akawa ndiye tegemeo letu pekee duniani.

Mvua ikaanza tena. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu ya Breki, kisha kwenye mashavu ya miguu yake. Nilikuwa naona yanavyopanda na yeye hasikii. Ningemvuta juu nusu mita tu, angekauka, na huenda asingetembea tena. Nisipomvuta, maji yangefika kiunoni, kifuani, na mwisho yangefika mikononi mwangu.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni. "Niache nikishike kichwa," akasema, "wewe una nguvu, umvute taratibu."

"Hapana."

"Binti, naweza kushika."

"Sasa hivi unaweza. Baada ya dakika moja je?" Sijawahi kusema naye hivyo. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyepigwa. "Jenga ukuta," nikamwambia. "Hapo juu, kwenye kona. Yageuze maji."

Akaingia kijitoni. Mtu wa miaka hamsini na sita alibeba mawe ambayo Breki mwenyewe angeyafikiria mara mbili. Aliyapanga, akaziba kwa tope na majani, akarudi kubeba mengine. Mara moja alisimama na jiwe kifuani, akatafuna, na maji yakampita magotini. Nilimpigia kelele jina lake halisi, ambalo silitumii kamwe. Nilihesabu. Tisa. Akarudi, akatazama jiwe kama anajiuliza limefikaje hapo, akaliweka mahali pake.

Maji yaligeuka kiasi. Yalibaki mapajani, hayakupanda zaidi.

"Dada," Breki akasema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. "Kwa nini mzee alisimama?"

Mvua ilikuwa inaniingia machoni. "Usiongee," nikamwambia. "Utachoka."

Walifika baada ya saa moja na robo. Vidole vyangu havikuweza kukunjuka, ikabidi Fundi avibandue kimojakimoja kutoka kichwani kwa mdogo wangu.

Hospitalini mwenzangu wa zamu alinikataza kugusa mashine. Alipiga yeye, mimi nikasimama nyuma ya kioo. Picha ilipotokea niliisoma kabla ya daktari: pingili ya sita ya shingo imepasuka. Imepasuka, haijahama. Nilikaa chini sakafuni kwenye kile chumba ambamo mwezi uliopita nilikubali kunyamaza.

Jumanne, 21 Aprili

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimecheza. Mama amelia mpaka nesi akamletea maji.

Alhamisi, 23 Aprili

Miguu yote ina hisia. Daktari anasema uti wa mgongo ulipata mshtuko, haukukatika. Mkono wa kulia bado mzito.

Nilisubiri Mama aende kuoga. Nikamwambia Breki kila kitu: kifungo cha glavu, majani marefu, benchi la eksirei, masharti, siku nilipoinama kubana viatu. Alikuwa amefungwa kola ya shingo, hawezi kugeuka, kwa hiyo alinisikiliza akitazama dari.

"Tangu lini?"

"Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu."

Akahesabu. "Wiki tano."

"Wiki tano."

"Nilikuwa nyuma ya gurudumu lake, na wewe nyuma yangu, unajua."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana. Akasema, "Toka nje, dada," kwa upole, kama mtu anayeomba taa izimwe.

Jumamosi, 25 Aprili

Mke wa Mwalimu amekuja hospitalini na chupa ya chai. Habari zote amezijua siku nne tu zilizopita. Mumewe alimwambia mwenyewe, kisha Jumatano akaenda kwa mkuu wa shule akamwambia naye, mlango ukiwa wazi, mbele ya karani. Ameshaanza dawa. Darasani hayupo tena.

Tulikaa ukumbini. "Kila Jumamosi," akasema, "namfunga mkanda wa helmeti kwa mikono yangu. Hapa, chini ya kidevu. Namwambia nenda salama." Alikuwa anatazama mikono yake. "Wewe ni mtu wa hospitali, mwanangu. Namba yangu unayo."

Alinimiminia chai, akaondoka.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Breki hataki nije wakati wa kutazama wagonjwa. Mama anabeba nguo safi, mimi nazifua.

Jumamosi, 9 Mei

Nimekwenda kibandani kwa Fundi. Baiskeli ya Breki ameitundika ukutani, fremu imekunjika katikati. Tukakaa bila kusema, na kwa Fundi hilo ni kama mtu mwingine kujifungia chumbani.

Baadaye akasema naye aliwahi kuona. Mwaka jana, mara moja, Mwalimu alisimama na pampu mkononi akatafuna. "Nikadhani mzee amechoka. Nikafanya utani." Akafuta mikono kwenye kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono. "Sasa nikimwona mtu amenyamaza naogopa. Najikuta naongea ili ajibu."

Jumatano, 20 Mei

Breki ametoka. Yuko nyumbani, chumba cha Mama. Anatembea kwa kushika ukuta. Tukikutana kwenye korido ananipisha.

Jumanne, 26 Mei

Nimempeleka Mama kliniki kuchukua majibu ya vipimo vya mkono wa Breki. Mwenyewe hakuja, alikuwa na mazoezi ya viungo. Daktari alifunga mlango kabla ya kuzungumza, nikajua.

Mshipa wa fahamu wa mkono wa kulia umeumia pale pingili ilipopasuka. Vidole vitashika kijiko, vitashika kalamu. Nguvu ya kubana haitarudi yote. Kushikilia mashine ya kuchomelea siku nzima, hapana.

Nje Mama alinishika kiwiko. "Usimwambie. Mwache kwanza apone roho. Tutamwambia akiwa na nguvu."

Na ukweli ni kwamba nilifurahi. Kwa hatua kama kumi nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa nimepewa ruhusa.

Jumatano, 27 Mei

Jana nilimwona Breki sebuleni anajaribu kubana koleo kwa mkono wa kulia. Leo tena. Anahesabu kila anapobana, kwa sauti ndogo. Amemwambia Mama kwamba mwezi wa nane atarudi karakana.

Alhamisi, 28 Mei

Leo haikunyesha kabisa.

Mama alipokwenda sokoni nilisimama kwenye mlango wa chumba. Moyo ulinipiga kuliko ulivyonipiga Ukingo. Kule angalau mikono yangu ilikuwa na kazi. Hapa alikuwa na koleo kwenye kiganja, na alikuwa hajaniambia zaidi ya salamu kwa wiki tano.

"Majibu ya mkono yametoka," nikasema. "Mama anataka tukufiche mpaka upate nguvu. Mimi nakuambia."

Nikamwambia yote kama daktari alivyosema, bila kulainisha, kwa mpangilio wake: kijiko, kalamu, mashine. Aliuweka mkono juu ya goti akautazama kama kitu alichoazimwa. Uso ulimcheza. Nilitaka kukimbia na sikukimbia. Nje mtu alikuwa anafagia maji ya jana kwenye ngazi.

"Wamesema lini?" akauliza mwishowe.

"Juzi. Jumanne."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo."

Akakaa kimya muda mrefu. Nilijikuta natazama mdomo wake, vidole vyake, kuhakikisha bado yupo. Alikuwepo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Siku mbili," akasema. "Kutoka wiki tano. Unajitahidi, dada."

Kisha akanisogezea mkono ule juu ya shuka, ule mzito, nikaanza kuukanda.